Mkaa wa Gari na Viatu vya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji bado amejaa sebuleni kwangu. Kaka wa mke wangu, hafukuziki. Lakini viatu vyake! Akivivua, hata paka anatoka nje. Nimelalamika. Mke wangu akasema nifungue dirisha. Mimi! Nyumbani kwangu!

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Jirani anasema mkaa hunyonya harufu, na gari la mke wangu lina kopo zima la mkaa karibu na tangi la petroli. La nini huko? Tangi lina miguu? Nimeling'oa. Mipira iliyobaki ikining'inia chini ya gari nimeiziba kwa vipande vya fulana. Kopo liko nyuma ya viatu vya shemeji, kona ya jikoni. Najipongeza.

Jumatano, 5 Machi
Uonevu! Asubuhi mke wangu kashika kiberiti, awashe jiko la gesi. Shemeji akaruka kutoka kwenye kochi: "Dada, usiwashe! Nasikia petroli!" Pua isiyosikia miguu yake mwenyewe! Wakafungua milango, wakanusa hadi kwenye kopo langu. Nikasema silijui. Shemeji sasa ndiye mwokozi wetu. Kakaangiwa mayai. Mimi nimepewa chai iliyolala.

Alhamisi, 6 Machi
Gari limemzimikia mke wangu njiani. Alipofungua mfuniko wa tangi, likavuta hewa fyuuu, kama mtu aliyenusurika kuzama. Fundi akachungulia chini, akatoka na fulana yangu. Ina jina langu kwenye ukosi!
Nimesomewa mashtaka mbele ya shemeji. Eti petroli hutoa mvuke, hasa juani. Mvuke huingia kwenye mkaa, ukakaa humo. Injini ikiwaka, huuvuta na kuuchoma. Na petroli ikipungua, hewa huingia tangini kwa njia hiyohiyo. "Umelinyonga gari langu," mke wangu akasema, "halafu ukatuletea mvuke jikoni!"
Nikauliza: mkaa uliopokea petroli miaka yote hiyo unakataaje viatu viwili tu? Mke wangu akamwongezea shemeji chai. Upendeleo mtupu!

Jumamosi, 8 Machi
Kopo limerudi mahali pake. Shemeji amehamishiwa chumba changu cha kusomea, kwa heshima zote. Viatu vimepewa rafu. Vitabu vyangu viko chini ya kitanda.
Hawanijui. Leo nimegundua kichujio cha hewa chenye mkaa ndani, nyuma ya droo iliyo mbele ya kiti cha abiria. Kikavu, hakina petroli hata tone. Kikikatwa katikati, kila kiatu kinapata kipande chake. Mke wangu ameenda dukani. Bisibisi ninayo.