Kimea Nilichokikataa

Ndugu zangu wa kikundi hiki, leo nimeadhirika. Tena kanisani, nikiwa nimevaa suti.

Mnaijua mashine yangu ya kusaga hapa Tunduma. Mnajua pia kwamba haisagi kimea. Pombe ilimmaliza kaka yangu, nami siku nilipoinunua mashine nilimwahidi Mungu sitawasagia wapika pombe kimea chao cha ulezi uliooteshwa. Wateja nimewapoteza, ahadi nimeitunza. Najivunia hilo hadi leo.

Ijumaa alikuja mama mmoja mgeni, ndoo kichwani. Akaniamkia kwa adabu. Nikafunua ndoo. Kimea.

"Hapa hatusagi dhambi, binti yangu."

"Lakini baba, hujaniuliza napika nini."

"Kimea kina kazi moja tu."

(Foleni nzima ilikuwa inasikiliza, basi nikaongeza na mahubiri mafupi. Kama dakika kumi.)

Alijitwika ndoo yake akaondoka, nami nikabaki nimejaa amani.

Leo tumepokea kwaya ya wageni kutoka Ileje. Baada ya ibada ikaletwa togwa, kile kinywaji chetu kisicholevya, ya baridi, tamu ajabu. Nikanywa vikombe vitatu. Kisha nikasimama, kama mzee wa kanisa, kutoa shukrani.

"Aliyepika togwa hii asimame, tumshukuru Mungu kwa ajili ya mikono yake."

Akasimama yule mama. Kumbe ni mke wa mwinjilisti wetu mpya.

"Ahsante, baba. Ilibaki kidogo wageni wakose. Kimea nilikwenda kukisagisha mbali."

Aliyeanza kucheka ni mke wangu mwenyewe.

"Baba Tumaini, ulidhani utamu wa togwa unatoka wapi?"

(Nina miaka sitini na minane. Togwa nimeinywa tangu utoto. Jikoni sijawahi kuuliza kitu.)

Nikamwomba radhi palepale, mbele ya watu wote, kwa sauti ileile niliyomfukuzia. Hilo nalo najivunia.

"Nilishakusamehe, baba. Nikuongeze?"

Nikapokea kikombe cha nne. Nikatangaza kwamba kuanzia kesho kimea cha togwa nitasaga, cha pombe hapana.

Jioni hii wameshapiga hodi watu watatu, kila mmoja na ndoo yake ya kimea. Wote wanasema wanapika togwa. Mmoja wao ana kilabu cha pombe mtaa wa pili.

Msinicheke. Niombeeni hekima kabla sijawasha mashine.