Salamu za Dada Zinatufukuzia Wauzaji

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu, ambazo nazifupisha kwa sababu utakayoiona punde, nakuandikia kwa uchungu na kwa heshima.

Binti yangu Adila anaolewa Mfungo Mosi, na nimemwahidi kitanda cha samadari kama alicholalia marehemu bibi yake. Siku hizi vitanda hivyo hupatikana kwenye minada ya mtandaoni: unaona picha, unataja bei, ukishinda unalipa. Mimi hushinda sana. Tatizo ni dada yangu mkubwa, Bi Mgeni, ninayeishi naye hapa Zinga. Masikio yangu ni mazito, hivyo simu huiweka spika, naye huingilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anawasalimu wauzaji. Tena salamu kamili: ya mama, ya watoto, ya mvua, na ya mgonjwa kama yupo. Muuzaji wa kwanza alitaka pesa iingie upesi, la sivyo kitanda kinakwenda kwa mwingine. Dada akamwambia haraka haraka haina baraka, kisha akamuuliza anatokea kwa nani. Kijana akakata simu, nami nikakosa kitanda.

2. Anakataa punguzo. Muuzaji wa pili, mtu mkarimu sana, alitaka nilipe pembeni, nje ya mnada, kwa namba yake mwenyewe, anipunguzie robo ya bei. Dada akauliza mtu aliyepanga bidhaa sokoni anamwitaje mteja kichakani. Mimi sikuona kichaka chochote.

3. Hili lilinitoa machozi. Muuzaji wa tatu alijiita Ammar. Nilipoandika namba ya kulipia, likatokea jina la Tabia. Ammar akaeleza vizuri kabisa kwamba Tabia ni karani wake. Mtu mwingine angeridhika. Dada akasema, "Hebu mpe simu nimsalimie." Kikapita kikohozi, kisha sauti nyembamba ikaitikia "marahaba" kabla hata ya kuamkiwa. Marahaba, kwa dada yangu mwenye vitukuu! Alicheka mpaka mtandio ukamvuka, na biashara ikafa hapo.

4. Ana ndugu kila mahali. Ammar, kwa uvumilivu wake, alirudi. Akasema kitanda kipo Miono, nitangulize nusu tu. Dada akampigia binamu yetu Hija wa Miono aende akakikague, miguu na mchwa. Hija alikuta shamba la mihogo. Tukaambiwa kitanda kimehamia Saadani. Huko nako yupo Sufiani, mtoto wa mama mdogo, naye akakuta samaki wameanikwa. Sasa, Ndugu Mhariri, muuzaji akimbilie wapi?

Kwa hiyo naomba gazeti lako liishauri serikali: salamu za simu zisizidi mbili; familia moja isiruhusiwe kuwa na ndugu katika kata zaidi ya tatu; na simu zenye spika wauziwe wasio na dada. Bila hivyo vijana hawa watakufa njaa, na binti yangu atalala mkekani.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga picha, dereva, mama anayewaletea chai, na wazee wako nyumbani.

Wako niliyeshinda minada yote bila kupata kitanda,

Mwinshehe Hamidu,
Zinga, Bagamoyo.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Ammar amepiga tena. Dada alikuwa ametoka kununua nazi. Kijana akanionea huruma, akaniomba nitume pesa yote kimyakimya. Nikaandika namba, nikaandika kiasi, kidole kikawa juu ya kitufe. Halafu, sijui nini kilinipata, nikausikia mdomo wangu ukimuuliza, "Mwanangu, mama hajambo?" Akakata! Mama yake mzazi, Ndugu Mhariri! Nimekasirika mpaka sasa. Mtu asiyejua kama mama yake hajambo atajuaje kitanda kilipo?

Tafadhali usiichape barua hii. Chapa tangazo: anatafutwa mwenye samadari, akubali ikaguliwe kwanza, alipwe ikifika mlangoni, na awe na nafasi ya kusalimiana. Ada ya tangazo nilitaka kukutumia sasa hivi. Ila dada amerudi na nazi zake, anasoma begani kwangu, na kabla sijabonyeza anauliza: wewe Mhariri, kwenu ni wapi, na mama hajambo?