Silingi ya Masanduku ya Mama Triza

Sydney Mulongo hakuwa fundi, lakini alitembea na penseli nyuma ya sikio, na hapa mjini penseli nyuma ya sikio inatosha. Siku hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mtaani Baba Dogo, akinywa soda ya mwenye duka kwa ahadi ya kulipa, alipoingia mama mmoja na simu mkononi. Jina lake Beldina, ila wote walimwita Mama Triza.

"Nataka silingi kama hii," akamwambia mwenye duka, akimwonyesha picha.

Mwenye duka akavaa miwani. Silingi ile, dari ya kufunika mabati kwa ndani, haikuwa tambarare kama za watu. Mihimili ilipishana juu ikaacha miraba mingi iliyobonyea ndani, mithili ya masanduku yaliyofunguliwa yakatazama chini.

"Mama, mimi nauza bodi za jipsamu tu, zile tambarare. Hiyo ni ya ikulu."

"Na mimi nimekosa nini nisiwe na ya ikulu? Jirani ameweka silingi yenye taa za bluu. Sasa akija kwangu anatazama mabati yangu kama daktari aliyeona mgonjwa hatapona."

Sydney akaitua chupa polepole. Mwenye njaa anaweza kukuponyoka, bali anayeshindana na jirani hujileta mwenyewe na kamba shingoni.

"Mama yangu," akasema kwa sauti ya mafuta, "hiyo ni silingi ya masanduku. Nimezifanya Karen, nimezifanya Runda, kwa matajiri watupu, mpaka shingo yangu ikakataa kutazama chini."

"Kumbe wewe ni fundi?"

"Fundi ni hao wengine. Mimi ni Injinia Sydney."

Mama Triza aliuza mapazia ya mitumba sokoni Gikomba. Alikuwa na subira ya mtu ambaye wateja hushika nguo zake kutwa nzima bila kununua. Akamtazama Sydney kuanzia viatu hadi penseli.

"Umeokoka, Injinia?"

"Kabisa, mama. Nimefunikwa na damu ya Mwanakondoo." Uongo huo ulitoka bila hata kikohozi cha kuusindikiza.

Wakapatana bei, na wiki hiyohiyo Sydney akapokea deposit, malipo ya kutangulia. Nia yake ilikuwa nyepesi. Kwao Shauri Moyo kartoni tupu hazikosekani. Angezikata, azipake rangi nyeupe, azibandike juu kwa gundi. Zingeng'aa wiki mbili. Siku tone la kwanza la mvua litakapopenya mabati, Sydney angekuwa mtaa mwingine na pikipiki yake. Wenye dhiki wengine hukimbilia wokovu, yeye alikimbilia pikipiki, na mpaka hapo haikuwa imemwangusha.

Kwa kuwa hakujua kushika nyundo, alimchukua jirani yake Andati, fundi wa kweli, mtu wa maneno machache.

"Hizi ni kartoni," Andati akasema walipozishusha uani kwa Mama Triza.

"Buda, kartoni inatoka wapi? Si kwa mbao? Basi hii ni mbao iliyosoma."

Mama Triza akatoka na uji wa moto. Akazitazama kartoni. Akawamiminia vikombe.

"Injinia, mwisho wa mwezi ushirika wa kanisa unakuja kwangu. Mzee Ng'ang'a, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, atakuwepo. Kanisa jipya limeezekwa, sasa kamati inatafuta mtu wa silingi."

"Kanisa lenyewe ni kubwa?"

"Watu mia sita wanakaa bila kugusana magoti."

Uji ukampitia Sydney njia isiyo ya uji. Watu mia sita! Deposit ya silingi kama hiyo ni ya kumtoa mtu mitaa ya Eastlands asirudi hata kuaga.

"Ila Mzee alikuwa seremala miaka arobaini," mama akaendelea. "Hasifu kitu kabla hajakigonga. Juzi aligonga jeneza mazishini, akawaambia waliofiwa, 'Pole sana, na mbao mmeuziwa laini.'"

Jioni hiyo kartoni zikarudi Shauri Moyo.

"Andati, weka mbao halisi," Sydney akasema. "Weka kila kitu halisi."

"Deposit itatosha?"

Haingetosha, maana sehemu yake alikuwa ameshaila. Akaenda kwa Mama Triza na uso wa unyenyekevu, eti bei ya mbao imepanda, kama angeongeza kidogo.

"Tulipatana, Injinia," mama akajibu akikunja pazia. "Imeandikwa, ndiyo yenu iwe ndiyo."

Sydney akauza televisheni. Akauza mtungi wa gesi. Mwisho akaiuza pikipiki, akaitazama ikiondoka na mwanamume mwingine kama mke aliyetoroka mchana. Akajifariji: anayetaka ng'ombe hahesabu chumvi.

Andati akafanya kazi wiki tatu. Akafunga mihimili, akakata bodi, akazungusha konisi za urembo kwenye kingo za kila sanduku, akapiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe. Alipomaliza, sebule ile ya mabati ilikuwa na hadhi ya kumnyamazisha mgeni mlangoni. Mama Triza akakaa chini yake peke yake, akamshukuru Mungu, kisha akafungua mapazia ili jirani naye ashukuru.

Siku ya ushirika ikafika. Watu wakajaa hadi jikoni. Mzee Ng'ang'a, mrefu kama mlingoti, akanyoosha fimbo yake juu. Ko! Ko! Ko! Akasikiliza kama anayesubiri kuitikiwa.

"Hii ni mbao," akatangaza, na Sydney akapumua mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wakaimba, wakafika kwenye ushuhuda. Mama Triza akageuka. "Injinia, huna neno?"

Angekuwa na akili ya kukaa, angekaa. Lakini ulimi wa Sydney ulikuwa haujawahi kukataa jukwaa. Akasimama, akavua kofia, akaita machozi nayo yakaja. Alijua jambo moja kuhusu matajiri: anayesema hataki kitu ndiye hupewa zaidi. Hakujua kwamba kwa waumini mambo ni tofauti.

"Wapendwa, Bwana aliniambia, 'Sydney, hiyo mikono si yako.' Nikamjibu, 'Itwae, Bwana! Popote nyumba yako itakapoihitaji, mimi hapa! Sitaki kitu, nataka baraka tu!'"

Mzee Ng'ang'a akatoa leso akafuta macho.

"Miezi minane tumeomba," akasema. "Wakati wa mabati, aliinuka mtu wa mabati akaweka nadhiri. Wakati wa madirisha, akainuka wa madirisha, akaleta mpaka vioo. Kanisa lile halijawahi kumlipa fundi hata mmoja. Leo ameinuka mtu wa silingi!"

Vigelegele vikapasuka. Sydney akainama kwa Mama Triza.

"Mama, na deposit ya vifaa?"

"Mwanangu, nadhiri ina deposit?"

"Ulijua!"

"Nilijua kamati inatafuta mtu. Wewe ndiye hukuuliza inampata vipi." Akamwekea chapati mbili kwenye sahani. "Na kartoni niliziona. Mimi ni mtu wa Gikomba."

Sydney akautazama mlango. Kati yake na mlango palikuwa na kamati, kwaya, na kina mama waliokwisha kuinua mikono kumwombea. Na hata angefika nje, angetoroka kwa miguu kama mwizi wa kuku.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuja kukuchukua mwenyewe," Mzee akamwambia, mkono wake mzito ukiwa juu ya kichwa cha Sydney. "Usihangaike kunielekeza. Fundi wako amenionyesha mlango wa nyumba yako."

Kwenye kona Andati alikuwa akila taratibu. Dada mmoja wa kamati, Rispa, akamsogelea akiwa bado anayakodolea macho masanduku yale juu.

"Na wewe, fundi, umeweka nadhiri?"

"Hapana, dada," Andati akasema, akifuta mikono. "Mimi ni wa kulipwa kwa siku."

"Basi kesho njoo kwangu."