Picha Mbichi za Harusi ya Shemeji

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimepiga picha harusi ya shemeji, mdogo wake mke wangu. Nimepiga kama mwendawazimu. Nimelala chali chini ya meza ya keki. Nimepanda kiti cha baba mkwe, naye akiwa amekikalia. Na zote, kuanzia bibi harusi hadi vijiko, nimezipiga mbichi!

Haya yote ni kwa ajili ya Mwewe. Mwewe ni mpiga picha mwenye studio ng'ambo ya barabara, jirani yangu na jinamizi langu. Juzijuzi alitangaza mbele ya wateja wangu kwamba fundi wa kweli hupiga picha mbichi: kamera inakuachia kila kitu kama ilivyokiona, unakuja kukipika mwenyewe kwenye kompyuta. Picha ambayo kamera imeshaipika, akasema, ni ya watu wanaoogopa jiko. Wateja wakacheka. Wakanitazama mimi.

Mama mkwe kauliza picha lini. Nikasema Jumamosi ijayo, mbele ya ukoo mzima, ukutani, kubwa kama sinema. Kwa nini nilisema ukutani? Mdomo wangu una mwenyewe, na si mimi.

Jumapili, 8 Juni

Kompyuta ya studio haizifungui. Kila picha ni kikaratasi cheupe chenye kona iliyokunjwa. Harusi nzima ni vikaratasi!

Nimepakua programu ya kwanza. Ikazifungua. Nikapiga ukelele wa furaha, kisha nikapiga mwingine. Zimepooza! Kwenye kamera gauni lilimeremeta. Humu lina rangi ya maji ya kufulia. Bwana harusi anaonekana kama mgonjwa aliyeruhusiwa saa moja aje kuaga ndugu. Nimeifuta. Mbovu.

Jumatatu, 9 Juni

Programu ya pili. Vitufe kama chumba cha rubani. Nikagusa kimoja, bwana harusi akawa kijani. Nikagusa kingine ili nimrudishe, wazazi wake nao wakawa kijani. Angalau sasa wanafanana.

Programu ya tatu ni nzuri ajabu, ila imebandika jina lake kwenye paji la uso la kila mgeni, na halitoki mpaka uilipie.

Mama mkwe kapiga simu. Nikamweleza kwamba picha bado mbichi. Akauliza basi nangoja nini, niziivishe. Nikakata simu kwa heshima.

Mke wangu kasema nichague moja, yoyote, nijifunze. Moja! Kama mtu anayenunua sabuni! Kisha akatamka maneno mazito: "Baba watoto, si umuulize tu Mwewe?"

Nimemalizia chakula nikiwa nimempa mgongo.

Jumanne, 10 Juni

Sikumuuliza. Nimempeleleza. Nimevuka barabara, nikajidai naazima stendi ya taa. Alipoingia stoo kuitafuta, nikazunguka meza yake nichungulie skrini. Nikajikwaa kwenye waya. Skrini ikazima, feni ikazima, taa ikazima. Mwewe akarudi akanikuta nimepiga magoti chini ya meza, makalio yakiukaribisha mlango.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Akaniinua, akanikung'uta vumbi, akasema, "Jirani, kama ni programu ya picha mbichi, mimi natumia hii ya bure." Akaniandikia jina la programu kwenye karatasi kabisa. Akaongeza kwamba picha mbichi zote huanza zimepooza hivyohivyo, si ubovu. Unaongeza mwanga na rangi kidogo kidogo, na ile ya asili haiguswi.

Ya bure? Kidogo kidogo? Mtu akupe siri ya kazi yake huku anatabasamu? Kaniona mtoto wa juzi! Karatasi nimeitafuna kabla sijamaliza kuvuka barabara.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeipata! Jina lake siliandiki hata humu. Ina kitufe kimoja tu. KIMOJA! Ukibonyeza inapika picha zote kwa mkupuo, inatia rangi, inarekebisha na sura. Ikaniuliza kama ifute zile za asili ikimaliza, ili kupunguza mzigo. Nikakubali. Napenda usafi. Kisha nikafuta na kadi ya kamera, maana kuna mtu wa pasipoti alikuwa anasubiri.

Matokeo sijayaangalia. Fundi hajikagui. Nimeenda kunyoa.

Jumamosi, 14 Juni

Sebuleni kwa baba mkwe. Ukoo mzima. Shuka jeupe ukutani. Projekta ya kuazima.

Picha ya kwanza.

Programu imewalainisha wote kama vibao vya kukatia mboga. Baba mkwe hana masharubu. Alijishika mdomo kuhakikisha. Bibi yake shemeji kapewa meno. Keki nayo programu iliidhania ni mtu, ikaitia kope na midomo. Na mama mkwe! Ngozi ya yai, kiuno cha nyigu, amesimama ubavu mmoja wa bwana harusi, bibi harusi ubavu wa pili. Shangazi mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika jikoni, ni yupi kati ya hawa wawili aliyeolewa.

Nilidhani watacheka. Shemeji akaanza kulia. Si kwa kelele. Akasema siku ile bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu azikwe babu, naye alikitaka kicheko kile, pamoja na mapengo yake. Akaniuliza, "Shemeji, za asili unazo?"

Nikatazama dari. Dari ya baba mkwe inahitaji rangi.

Ndipo mke wangu akasimama na flashi ya kompyuta mkononi. Gauni la harusi alilishona yeye. Kumbe Jumapili alinakili picha zote kutoka kwenye kadi ili akague pindo, zikakataa kufunguka, akazipeleka ng'ambo ya barabara. Mwewe akazifungua kwa ile programu yake ya bure, akazitengeneza moja moja, wala hakunitajia.

Zikaanza kupita. Gauni likameremeta. Bwana harusi alikuwa mzima wa afya. Kisha bibi, mdomo wazi, mapengo matupu, anacheka. Bibi mwenyewe akajiona, akacheka vilevile, na sebule nzima ikamfuata. Hata mimi. Kidogo.

Mama mkwe peke yake alinivuta pembeni. "Mwanangu, ile ya kwanza, niliyotoka vizuri. Nichapie kubwa."

Jumapili, 15 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Ukweli ni huu: nimemfanyisha Mwewe kazi yangu yote, wala hajui. Mjinga nani?

Asubuhi kavuka barabara kunisalimia. Akanipa ushauri wa ujirani, ati kabla sijagusa picha yoyote niweke nakala mahali pengine. Macho makavu! Anataka kompyuta yangu ijae, ife. Nikamshukuru sana. Sitaweka hata moja.

Kesho napiga mahafali ya chuo cha ususi. Mbichi zote. Nimeshapakua programu mpya ambayo Mwewe hawezi kuwa ameisikia, kwa sababu hakuna aliyeisikia. Maelezo yake yako kwa maandishi ambayo hata sijui juu ni wapi na chini ni wapi. Imeniuliza maswali mengi mfululizo.

Nimejibu ndiyo, yote.