Askofu Aliyetusema Kisarawe

Wananchi wa Kisarawe wanafahamishwa kwa heshima, na wale wa Kibaha wanafahamishwa ili waone wivu, kwamba sasa tunayo maktaba ya maandiko ya Wakristo wa karne za mwanzo, na maktaba nzima inaenea kwenye mkoba wa mama anayekwenda sokoni. Hotuba, nyaraka na mafundisho ya maaskofu wa kale, yote kwa Kiswahili, yote ndani ya kishikwambi, bila bando wala vocha. Mimi, Abdulkadiri Mwinyimadi, ndiye Katibu wa Kamati ya Uratibu, Usimamizi na Ufuatiliaji wa Maktaba hiyo. Ni Mwislamu, kwa baba na kwa babu, lakini uratibu hauna dini. Mtu aliyeratibu mbuzi wa mkopo hashindwi kuratibu maaskofu.

Mradi ulikuwa wa gharama nafuu, na hilo ndilo lililotusumbua. Mwalimu Herieth, anayefundisha sekondari na aliyejifunza Kilatini kwa masista, alitafsiri kila kitu mwenyewe. Maandiko ni ya kale mno, hakuna wa kuyadai. Wafadhili, wenye ofisi yao Kibaha, wakanunua vishikwambi kumi na viwili, na kazi ikawa imekwisha. Sasa kamati ya watu saba ifanye nini kwenye kazi iliyokwisha? Tuliunda kamati ndogo kulijibu swali hilo, nayo ikapendekeza semina.

Semina ya kujengeana uwezo ilifanyika Ruvu, kando ya mto, kwa kuwa maji hutuliza mawazo. Kambale walikuwepo. Nami nilikuwepo, ingawa mara baada ya ufunguzi nilifumba macho ili nisikilize vizuri zaidi.

Vishikwambi vilikusudiwa kwenda vijijini, Janga na Vihingo. Kimoja kilikuwa cha Bibi Laurentia, katekista wa Vihingo, anayewaandaa watu wazima kubatizwa Pasaka. Kitabu chake cha kufundishia kimeliwa na mchwa hadi sakramenti ya tatu. Lakini vijijini kuna vumbi, na vumbi ni adui wa teknolojia. Kamati ikaamua vishikwambi vikae majumbani kwa wajumbe kwa uangalizi wa muda. Kwangu kilikaa kimoja, na wanangu walikiangalia sana, hasa kwenye katuni.

Bibi Laurentia alikuja ofisini kukiulizia. Nilimweleza mchakato, hatua kwa hatua.

"Pasaka haina mchakato, mwanangu," alisema. "Ikifika imefika. Na watu wangu watanijia na maswali."

Nikamwahidi kwamba maoni yake yatafanyiwa kazi. Akarudi Vihingo.

Balaa lilianzia kwenye uhakiki. Mwenyekiti wetu, Bwana Calist, ambaye ni mzee wa usharika, aliagiza tusome angalau hotuba moja kabla ya uzinduzi, mgeni rasmi asije akatuuliza tukabaki tunakohoa. Tukachagua iliyo fupi kuliko zote. Ilikuwa ya askofu mmoja wa Afrika ya Kaskazini ambaye jina lake limepotea. Mama Mwamini, mtunza hazina, akavaa miwani akasoma:

"Enyi mliokabidhiwa taa za nyumba hii, mbona mmezipeleka vyumbani mwenu? Watoto wenu wanazichezea, na ajuza aliyenunuliwa taa anapapasa gizani. Mnakwenda kando ya mto, mnakula samaki, mnasema mko kazini. Mmoja wenu hagawani kiti cha mbele na mtu. Mwingine husinzia maneno yakianza, huamka sahani zikilia."

Mama Mwamini akavua miwani.

"Huyu katuchana," alisema.

"Nani kamwambia habari za Ruvu?" aliuliza Mwenyekiti. "Semina ilikuwa ya ndani. Hapakuwa na mwandishi hata mmoja."

Niseme ukweli, niliumia. Kusemwa na shehe wangu nimezoea, kila Ijumaa akifika kwenye wavivu hunitazama mimi. Lakini askofu, ambaye hatujawahi hata kusalimiana, amejuaje kwamba huwa naamka sahani zikilia?

Mwalimu Herieth akaitwa kujieleza. Alikuja na chaki bado mikononi.

"Huyu askofu yuko jimbo gani?" nilimuuliza.

"Alishakufa, Bwana Katibu. Miaka elfu moja na mia sita iliyopita."

"Ndivyo wanavyojificha," alisema Mwenyekiti.

"Mwalimu," nilisema kwa upole, maana sipendi kumwonea mtu, "marehemu wa muda mrefu kiasi hicho hawezi kujua kwamba tulikula kambale."

"Hakusema kambale. Alisema samaki."

"Ruvu tulikula samaki gani mwingine?"

Akatutazama mmoja mmoja. Nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu aliketi bila kuambiwa.

"Jamani, mimi nimetafsiri tu," alisema. "Mkiona anawasema ninyi, hiyo ni kati yenu na yeye."

Hatukuridhika. Tulikata shauri kwamba Mwalimu Herieth ndiye mtunzi, amejificha nyuma ya mtakatifu, na kwamba aondolewe na maktaba yote ifutwe. Hapo ikasimama kanuni ya wafadhili. Mwenye kulalamika kwamba amesemwa sharti athibitishe kwamba ni yeye aliyesemwa. Maneno matupu hayatoshi, Kibaha wanataka vielelezo.

Sijawahi kuiona kamati yetu ikifanya kazi namna ile. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Kwenye kifungu cha taa, tuliambatisha orodha ya vishikwambi na mahali vilipo, chumba kwa chumba, ili asibaki mtu wa kusema kwamba taa zilizotajwa ni taa nyingine. Kwenye kifungu cha watoto, Mama Mwamini alitoa picha ya wajukuu wake wakicheza mchezo wa magari. Kwenye samaki, tulileta mahudhurio ya Ruvu na maelezo ya mpishi. Kwenye usingizi, nilijitolea mwenyewe, na wajumbe wote wakanishuhudia kwa moyo mmoja, jambo ambalo halijatokea kwenye ajenda nyingine yoyote.

Kifungu cha kiti ndicho kilicholeta ugomvi. Wajumbe watatu walidai kwamba waliolengwa ni wao. Mwenyekiti akakasirika. Alisema askofu mwenye akili zake hawezi kumruka Mwenyekiti akamtaja mjumbe wa kawaida. Tukapiga kura, akashinda.

Taarifa ikapigwa muhuri, tukasaini wote saba siku ya Alhamisi, ikaenda Kibaha. Kichwa chake kilikuwa: Uthibitisho Kwamba Hotuba Iliyotajwa Inaihusu Kamati Hii Bila Shaka Yoyote. Kichwa nilikitunga mimi, na siku ile nilijisikia vizuri sana.

Jumatatu, Bi Faudhia, mwakilishi wa wafadhili, akaja mwenyewe kutoka Kibaha. Mwenyekiti akamwachia kiti cha mbele, kisha akavuta kingine akakiweka mbele yake kidogo. Mwalimu Herieth alisimama mlangoni akisubiri kufukuzwa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

Bi Faudhia aliisoma taarifa yetu yote, na viambatisho. Ile picha ya mchezo wa magari aliitazama kwa muda mrefu.

"Haya mambo yote ni kweli?" aliuliza.

"Kila neno," nilimjibu. "Tusingethubutu kupeleka uongo mkoani."

"Vishikwambi viko majumbani kwenu?"

"Ukurasa wa nne, Bi Faudhia. Tumeonyesha hadi vyumba."

"Na huko Ruvu mlifundishana nini?"

Nilipekua nakala yangu. Kwenye viambatisho hapakuwa na somo lolote, kwa kuwa askofu hakulitaja.

"Mheshimiwa," Mwenyekiti aliingilia, "hoja si sisi tumefanya nini. Hoja ni huyu aliyetusema."

Bi Faudhia akaifunga taarifa, akaweka mkono juu yake.

"Huyo askofu amekufa zamani, na hakumtaja mtu," alisema. "Ninyi mmejitaja wenyewe, mkasaini Alhamisi."

Kwa mara ya kwanza tangu niwe katibu nilitamani mihtasari yangu ingekuwa mibovu kidogo.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Kamati imevunjwa. Maktaba itakuwa chini ya Mwalimu Herieth, bila uzinduzi. Kila mjumbe arudishe kishikwambi alichokiangalia, akipeleke kwa mwenyewe kwa mkono wake, na akae amsomee mpaka azoee kukitumia. Mwenyekiti aliuliza kama safari hiyo ina posho. Bi Faudhia akachukua mkoba wake, na Mwenyekiti akaliandika hilo kama suala linalofuatiliwa.

Ndivyo nilivyojikuta Vihingo, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, nimekalia gunia la mihogo mikavu. Wanafunzi wa Bibi Laurentia walikuwa wamejaa kibarazani, watu wazima wenye majembe yao, wamekuja moja kwa moja kutoka shambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kimefika?"

"Kimefika." Nilikuwa nimefuta katuni zote nikiwa njiani.

Alikipokea kwa mikono miwili, akakigusa kioo, kikawaka. Alicheka peke yake, kicheko kidogo, na mimi nikaona aibu kuliko nilivyoona mbele ya Bi Faudhia. Kisha akanirudishia.

"Macho yangu hayajakizoea. Nisomee wewe. Anzia na ile fupi, Mwalimu Herieth ameniambia ni nzuri."

Nilijaribu kumshauri tuanze na nyingine, kuna moja ndefu kuhusu kufunga. Akasema hapana, fupi. Nikasoma. Nilisoma taa, nikasoma vyumba, nikasoma watoto. Nilipofika kwenye samaki, mzee mmoja aliyekaa nyuma alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Masikini," alisema Bibi Laurentia. "Hao watu walikuwa wa wapi?"

"Afrika ya Kaskazini, bibi. Walishakufa. Zamani sana."

"Wote?"

"Wote."

"Mungu awasamehe," alisema, na akanitazama kidogo. "Haya, endelea, mwanangu. Umefika pale kwa yule anayesinzia."