Ndoo ya Serikali

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni. Naandika hapa vidole bado vyekundu.

Wengi mnanijua, nauza mabuyu ya sukari na rangi nyekundu kwa simu kutoka Muyeye. Picha naweka, mteja anaandika, pakiti inaenda. Wiki tatu nyuma nilisoma kwenye kundi letu la wauzaji kwamba anayeuza mtandaoni lazima atoe kodi ya mauzo, kumi na sita kwa kila mia, na asiyetoa anafungiwa duka. Nilishtuka. Duka lenyewe ni simu moja iliyopasuka kioo, lakini ndilo linalomlipia Kadzo wangu karo.

Nikasoma tena. Ati anayeibeba kodi ni mteja, muuzaji anaikusanya tu. Hapo ndipo nilipopotea. Kanisani kwetu Gede, wakati wa mavuno, aliyevuna mahindi analeta mahindi, mwenye kuku analeta kuku. Hakuna anayeambiwa akauze kwanza. Basi nikaona na hili ni vivyo hivyo: kodi ya mabuyu ni mabuyu. (Msiniulize kama nilifikiri. Nilifikiri sana, hilo ndilo tatizo.)

Kupandisha bei niliona ni kumwonea mteja. Nikaamua fungu la serikali litoke ndani ya pakiti yake mwenyewe. Kila mabuyu mia, kumi na sita ndooni. (Sikuwa na hakika kama ni kumi na sita ndani ya mia au juu ya mia. Nilichagua ndani, maana hayo ya juu ningeyatoa wapi?) Nilihesabu moja moja, nikaandika daftarini ni ya nani. Madogo yote sikuipa serikali, wala makubwa yote. Nilichanganya kwa haki.

Bi Salma, mteja wangu mkubwa, anayeniagiza mabuyu ya harusi, akaandika: "Mama Kadzo, mbona pakiti zimekonda hivi? Zinaumwa?"

Nikamjibu, "Ni kodi, Bi Salma."

Siku nne kimya. Nikajua nampoteza. Nikasema nikipata risiti ya serikali nikamwonyesha, ataniamini.

Leo asubuhi nikabeba ndoo hadi ofisi ya kodi. Kifunikoni nilikuwa nimeandika SERIKALI kwa kalamu nene. Askari wa mlangoni akaifunua.

"Hii ni nini, mama?"

"Kodi."

Akaonja moja. Akaonja na la pili, kwa usalama. Nikapita, nikapanga foleni.

Dirishani alikuwa binti mmoja mpole, wa bara. Nikamwamkia, nikaweka ndoo mbele yake, nikasema kwa sauti ya chini, maana sikutaka kujionyesha: "Madam, hii ni yenu."

Akarudi nyuma na kiti chake kama nimemwekea nyoka. Akanyoosha kidole ukutani. Ukutani pameandikwa: HATUPOKEI HONGO.

"Mama, toa hiyo kitu hapa."

"Si hongo, madam. Nimeihesabu."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Nikaanza kueleza: mia, kumi na sita, ndani, juu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mwenyewe nilivyozidi kutoelewa. Akaniuliza nauza kiasi gani kwa mwaka. Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kile kidole.

"Mama, kodi hiyo inatozwa na waliosajiliwa. Mauzo yako hayajafika kiwango cha kusajiliwa. Huruhusiwi hata kumkata mteja. Na hata ungefika, tunapokea pesa."

"Sasa haya niyafanyeje?"

"Warudishie wenyewe."

"Mwenyewe mmoja yupo hapa," ikasema sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Bi Salma, na buibui lake, faili mkononi. Kumbe wakati wote alikuwa foleni ileile.

"Yaani mabuyu yangu yamekuja kulipa kodi kabla yangu," akasema. "Na mimi nimesimama hapa tangu saa mbili."

Watu wakacheka. Askari naye akacheka, ulimi mwekundu.

Nikamwomba radhi. Akatia faili kwapani.

"Wallahi nilijua wanipunja. Nilikuwa nishatafuta muuzaji mwengine. Kumbe si mwizi wewe. Wewe ni..." Akalitafuta neno, kisha akaliacha. (Nashukuru.) "Harusi ya mwezi ujao niletee wewe. Lakini pakiti ziwe nzima."

Tukakaa kwenye benchi humohumo ofisini, nikamhesabia mabuyu yake juu ya kifuniko cha SERIKALI. Mwishoni nikahesabu na ya wengine yaliyobaki ndooni, yakapungua mawili. Nikamtazama askari. Askari akatazama dari.

Nimeandika daftarini: mawili, askari. Nyinyi wengine niliowakata, njooni mchukue yenu. Ila mkifika msicheke, nitapoteza hesabu.