Unga ya Ndaya ilikosa nusu

Habari ilifika na baiskeli. Kassim, mulimaji wa mupunga wa Kibombo, tunamuita Guvernere juu anasemea serikali bila serikali kumutuma. Alishuka mbele ya banda yangu ya kahawa, pale karibu na gare ya treni ya Kindu, akapangusa jasho, akasema treni imeshatoka Kibombo. Ya kwanza tangu vita ikate njia, miaka mitano nzima.

Mardochée, mwalimu, yeye tunamuita Metre. Aliweka kikombe chini polepole.

"Wewe uliiacha Kibombo, na umefika mbele yake?"

"Treni imezeeka, Metre. Ile inapumzika kwa kila mulima. Mimi napumzika kwa wajomba tu."

Wote tukamugeukia Ngeleka.

Ngeleka alikuwa mutu wa shemandefere, kazi ya reli, wa Mwene-Ditu kule Kasai, kule ile njia ya treni inatoka. Vita ilimukuta hapa na sakoshi moja ya nguo na taa ya kazi. Muke wake Ndaya akabaki kwao. Jina lake la kijiweni lilikuwa Bukari, juu miaka yote mitano alililia kitu kimoja: bukari ya kwao, ile wanaita bidia, unga ya mahindi na unga ya muhogo pamoja, ngumu, inasimama ndani ya sahani kama mutu mwenye diplome. Wali yetu aliita chakula ya kuku. Alisema ukikula wali unashiba mpaka mulangoni tu, ukitoka inje umeshasikia njaa. Na maneno hayo aliyasema akiwa kwa sahani ya pili ya wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ya Victorine, mujane mwenye kupika pembeni yangu.

Jina la Ndaya hakulitaja hata siku moja. Alitaja bukari. Mimi niliwaachia wale wengine wacheke. Nilikuwa nimeshazeeka hata wakati ule, na nilijua bukari peke yake hailize mwanaume namna ile.

Treni ilifika kisha siku mbili, watu mpaka juu ya paa. Mekanisyen mumoja akamupatia Ngeleka kamufuko kadogo ka unga kutoka kwa Ndaya, kameshonwa na uzi mwekundu. Barua haikuwa ndani. Ndaya hakusoma.

Ngeleka akakafungua pale pale juu ya bench yangu. Akaweka kidole, akaonja. Akaonja tena.

"Mahindi tupu," akasema. "Muhogo haiko."

Hapo njo vita ya pili ilianza. Kassim alisema mambo iko wazi: muhogo imejaa Kindu, kwa hiyo muke anamuambia Bukari, mahindi yako njo hii, ile ingine utafute huko huko, na mwanamuke wa kukuchanganyia umutafute huko vilevile. Hiyo ni barua ya kumuachilia. Metre alikataa kabisa. Alichukua makaa ya jiko, akachora duara juu ya bench yangu, akaipasua katikati. Nusu imetumwa, nusu imebaki nyumbani. Mwenye kutaka kushiba afuate nusu yake. Halafu, muke atashona mufuko na uzi muzuri vile kwa bwana mwenye anafukuza? Kassim akamujibu hata sanda inashonwa na uzi muzuri. Walibishana mpaka kahawa yao ikapoa, na ile duara mpaka leo haijatoka kwa bench.

Victorine aliingia ndani, akatoka na sahani ya unga yake ya muhogo, nyeupe, imechungwa mara mbili. Akaiweka karibu na ule mufuko.

"Nikuchanganyie, Papa Ngeleka?"

Kila mutu pale alijua: Ngeleka akisema ndiyo, mambo ya Kasai imeisha. Ngeleka alitazama unga hii, akatazama ile. Mutu amelilia bukari miaka mitano, sasa iko mbele yake, na anaogopa kuipika.

"Mama Victorine," akasema, "wali yako nimeitukana sana."

"Na sahani ulikuwa unaifuta na kidole."

Ngeleka akafunga mufuko tena, polepole, na ule uzi mwekundu.

Jumapili, siku ya Mungu, alipanda treni, anarudisha unga ya Kasai Kasai. Metre alisema miaka yote ya kufundisha jiografia hajaona biashara ya namna ile. Kassim alimupatia muchele kilo tano, eti ya kutupia kuku za njiani. Ngeleka aliupokea bila kubisha. Victorine alirudisha sahani yake ndani. Juma ile wali yake iliungua siku tatu, na tuliikula hivyo hivyo.

Sasa miaka imepita mingi. Kassim na Metre meno imepunguka, lakini kila habari ya redio wanaikokota mpaka kwa ile unga. Juma iliyopita telefone yangu ikalia. Ndaya, anapiga kutoka Kasai.

"Bibi Anne, mulimulisha nini bwana yangu huko? Kila siku anataka wali. Nikipika wali, anasema ya hapa hainukie kama ya Kibombo. Sombe yangu anaitazama kama deni. Huku kwa kijiwe yao wanamuita Wali."

Nikaona saa ya swali yetu imefika. Nikafungulia sauti ya telefone wote wasikie, nikauliza: binti yangu, ile unga ya wakati wa vita, kwa nini ulituma mahindi tupu?

Kassim na Metre wakainamia telefone. Victorine akaacha mwiko ndani ya chungu.

Ndaya alicheka kwanza.

"Ile? Mvua ilinyesha juma nzima, muhogo haikukauka. Treni ikapiga firimbi. Nikatuma yenye ilikuwa kavu."

Metre alitazama duara yake juu ya bench. Kassim akamuuliza kama sasa atakubali alishindwa. Metre akasema wameshindwa wote wawili, na wameshindwa na mvua.

Victorine akaniomba telefone.

"Ndaya, jua inawaka huko?"

"Inawaka, dada."

"Basi anika muhogo, umupikie bukari yake. Muchele nitatuma mimi."

Akamuambia Kassim alete gunia moja kutoka Kibombo, na asipumzike kwa wajomba. Halafu akarudi kwa chungu yake. Siku ile wali haikuungua.